Siku za Mwizi wa Mitandao
Mazungumzo baada ya habari

Wahenga walisema siku za mwizi ni arobaini. Walisema hivyo katika zama ambazo mwizi alitembea kwa miguu, akabeba mali begani, akalala kijiji cha jirani, na nyayo zake zikabaki mchangani. Mwizi wa zama za simu na kompyuta habebi kitu begani. Anaiba akiwa ameketi, pengine katika nchi ambayo aliyeibiwa hajawahi kuikanyaga, na mali aliyoiba huvuka mipaka miwili kabla jogoo hajawika. Je, siku zake nazo ni arobaini? Au mithali ya wahenga imekwisha nguvu? Jibu la swali hili limo katika historia ya polisi wa nchi mbalimbali kusaidiana, na historia hiyo inawahusu askari wa kila cheo, tangu mkuu wa upelelezi makao makuu hadi konstebo wa zamu katika kituo cha mbali.

Na itazamwe Kashojwa. Kashojwa ni kijiji kimojawapo cha makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, kusini-magharibi mwa Uganda. Kutoka huko hadi mji wa Mbarara ni mwendo wa kilometa 60 hivi, na mpaka wa Tanzania hauko mbali. Makazi ya Nakivale yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950, na wakimbizi wa mwanzo walitoka Rwanda. Baadaye wakaja wengine kwa mafungu: Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia, Waeritrea na Wasudani wa Kusini. Leo watu zaidi ya 200,000 wanaishi Nakivale. Wanalima mahindi na maharage, wanafanya biashara ndogo ndogo, na wanaitegemea simu ya mkononi kwa mambo mawili makubwa: kupata habari za ndugu waliotawanyika duniani, na kupokea fedha.

Hizo fedha ndizo zinazomleta mwizi. Chukueni mfano, wasikilizaji, wa mama muuza nyanya katika kijiji kama hicho. Kaka yake aliyeko ng'ambo amemtumia fedha za karo ya watoto. Usiku simu inalia. Mtu mwenye sauti ya adabu anajitambulisha kuwa mtumishi wa shirika la misaada, anamtaja mama kwa jina lake, na kumpa bishara njema kwamba jina hilo limetokea katika orodha ya watakaohamishiwa Canada. Kilichobaki ni kulithibitisha, na kwa ajili hiyo anaombwa ataje namba yake ya siri. Asubuhi akaunti ni tupu. Laini iliyopiga simu iliandikishwa katika nchi moja, mpigaji alikuwa katika nchi ya pili, na fedha zilitolewa kwa wakala katika nchi ya tatu. Mama anakwenda kituoni. Askari wa zamu anafungua daftari. Je, mwizi huyu ni wa polisi wa nchi gani?

Swali hilo si geni. Liliulizwa kabla ya simu ya mkononi kubuniwa. Katika miaka ya 1970 Afrika ya Mashariki ilikuwa na balaa lililojulikana na kila mtu kwa jina la magendo. Kahawa ya Uganda ilivushwa usiku kwenda nchi jirani, na soko la Chepkube, kwenye mpaka wa Kenya, likapata sifa kubwa kuliko ukubwa wake wakati bei ya kahawa ilipopanda duniani. Ng'ombe waliibwa upande huu wakachinjwa upande ule. Magari yaliibwa mji mmoja yakapakwa rangi mpya katika mji mwingine. Mlanguzi aliujua mpaka kuliko aliyeuchora. Polisi, kwa upande wake, alifika kwenye mpaka akasimama, kwa maana sheria iliyompa nguvu ya kukamata iliishia hapo. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, mambo yakawa magumu zaidi, kwa sababu mataifa yaliyokuwa yakishirikiana katika mengi yalianza kutazamana kwa mashaka, huku wezi wao wakiendelea kushirikiana bila mashaka yoyote.

Ilichukua miaka mingi kuurekebisha upungufu huo. Mwaka 1998, mjini Kampala, wakuu wa polisi wa nchi za mashariki ya Afrika waliunda chombo chao cha ushirikiano, kinachojulikana kwa kifupi kama EAPCCO. Walikuwa na mawazo juu ya magari ya wizi, mifugo, silaha ndogo ndogo na dawa za kulevya. Kazi za ukatibu wa chombo hicho ziliwekwa katika ofisi ya kanda ya Interpol iliyoko Nairobi. Mwaka uliofuata, tarehe 30 Novemba 1999, mkataba wa Jumuiya mpya ya Afrika Mashariki ulitiwa saini, nao ukaanza kufanya kazi Julai 2000. Hivyo polisi walikuwa wamekwisha kukubaliana kusaidiana kabla Jumuiya haijafufuliwa rasmi.

Hata hivyo, wazo lenyewe la polisi wa mataifa kusaidiana ni la zamani zaidi. Mwezi wa Aprili 1914 wakuu wa polisi na wanasheria wa nchi 24 walikutana Monaco. Katika siku hizo reli na meli za mvuke zilikuwa zimempa mhalifu miguu mirefu, na wajumbe walizungumza juu ya njia za haraka za kukamata watu, njia za kuwatambua wahalifu, kumbukumbu za pamoja na taratibu za kuwarudisha watuhumiwa makwao. Miezi michache baadaye vita kuu ya kwanza ilizuka, na mazungumzo yakasimama. Mwaka 1923, mjini Vienna, yaliendelea, na tume ya kimataifa ya polisi wa makosa ya jinai ikaundwa.

Historia ya tume hiyo ina fundisho ambalo kila askari anapaswa kulikumbuka. Mwaka 1938 Ujerumani ya Hitler iliimeza Austria, na pamoja nayo ikaimeza tume. Mwaka 1940 Reinhard Heydrich, mmoja wa viongozi wakubwa wa mauaji ya Wayahudi, aliufanya urais wa tume kuwa wake, na baadaye makao yake yakahamishiwa Berlin. Chombo kilichoundwa kumsaka mwizi kikawa mikononi mwa wauaji. Vita ilipokwisha tume ilifufuliwa mwaka 1946, na mwaka 1956 ilipata katiba mpya na jina la Interpol. Ibara ya 3 ya katiba hiyo inakataza kabisa chombo hicho kujiingiza katika mambo ya kisiasa, ya kijeshi, ya kidini au ya kimbari. Umuhimu wake huko Nakivale utaonekana mbele.

Tangu 1989 makao makuu ya Interpol yako Lyon, Ufaransa, na leo nchi wanachama ni 196. Wapo wanaodhani kwamba Interpol ina askari wake wanaozunguka dunia wakikamata watu. Sivyo. Interpol ni daraja la habari. Kila nchi ina ofisi yake ya taifa, ofisi hizo zinaunganishwa na mtambo wa mawasiliano unaofanya kazi usiku na mchana tangu mwaka 2003, na mwenye kukamata ni polisi wa nchi husika kwa sheria ya nchi yake. Kwa hiyo daraja hilo halina nguvu kuliko habari inayopitishwa juu yake. Kituo kikipeleka habari mbovu, daraja litapitisha habari mbovu.

Kisha zikaja kompyuta na intaneti, na udhaifu wa sheria ukaonekana wazi. Tarehe 4 Mei 2000 kirusi cha kompyuta kilichojificha ndani ya barua ya mapenzi kilianza kusambaa kutoka Manila, Ufilipino. Kwa muda mfupi kiliharibu kazi za ofisi na mashirika katika mabara yote. Wapelelezi walimfikia mtuhumiwa, kijana mwanafunzi, lakini mashtaka dhidi yake yakafutwa, kwa sababu wakati wa kitendo chake Ufilipino haikuwa na sheria iliyokitaja kitendo hicho kuwa kosa. Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria mwezi wa Juni mwaka huo huo, lakini sheria hairudi nyuma kumkamata mtu. Dunia nzima ikajifunza kwamba nchi moja isiyo na sheria inatosha kuwa pango la wezi wa nchi zote.

Ndiyo maana tarehe 23 Novemba 2001, mjini Budapest, mkataba wa kwanza wa kimataifa juu ya makosa ya kompyuta uliwekwa wazi kutiwa saini. Mkataba huo ulizitaka nchi wanachama zifanye mambo matatu: ziwe na sheria zinazofanana, ziwe na uwezo wa kuagiza kumbukumbu za kompyuta zihifadhiwe upesi kabla hazijafutwa, na kila moja iwe na ofisi ya kupokea maombi ya wenzake saa 24. Umoja wa Afrika nao ulipitisha mkataba wake mjini Malabo mwezi wa Juni 2014, lakini ulikawia kupata nchi 15 za kuuridhia, hata ukaanza kutumika Juni 2023. Miaka tisa ilipita. Katika miaka hiyo tisa wezi hawakungoja saini ya mtu.

Afrika ya Mashariki ilipata kishawishi kingine kwa mwizi mapema kuliko sehemu nyingi za dunia. Machi 2007 huduma ya kutuma fedha kwa simu ilianza Kenya, na mwaka 2009 ikaanza Uganda. Huduma hiyo ni neema kubwa. Imewafikia watu ambao benki haikuwajali, wakiwamo wakimbizi, wakulima na wake wa askari walio mbali na waume zao. Lakini kila penye sufuria ya asali nzi hawakosi. Uganda ilitunga Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta mwaka 2011, na mwaka 2012 ikaanza kuandikisha laini za simu. Tanzania ilitunga Sheria ya Makosa ya Mtandao mwaka 2015. Kenya na Rwanda zikatunga zao mwaka 2018. Sheria ya Uganda ina kifungu chenye maana kubwa kwa mada hii: inaweza kumshika mtu wa taifa lolote, awe ndani au nje ya nchi, iwapo kosa lake limegusa kompyuta au kumbukumbu zilizomo Uganda. Aidha inampa mpelelezi njia ya kuiomba mahakama iamuru kumbukumbu zihifadhiwe na zitolewe.

Kabla ya sheria hizo kukamilika, kanda hii ilionja uchungu wake. Desemba 2014 nyumba moja ya mtaa wa kifahari jijini Nairobi iliungua moto. Polisi walipofika walikuta mitambo ya simu na kompyuta nyingi, na Wachina 77 wakakamatwa. Kenya wakati huo haikuwa bado na sheria iliyokamilika ya makosa ya mitandao. Mwaka 2016 kundi moja la watuhumiwa wa kesi za namna hiyo liliachiwa na mahakama. Baadaye watuhumiwa walisafirishwa kwenda China, na kwa kuwa baadhi yao walikuwa watu wa Taiwan, ukazuka ubishi mkubwa wa kibalozi. Hivyo tukio lililogunduliwa kwa ajali ya moto liligeuka swali la nani ana haki ya kumhukumu nani. Bila sheria na bila makubaliano, hata mtu aliyekwisha kukamatwa huwa mzigo kwa aliyemkamata.

Tukio la Kigali la mwaka 2019 lilikwenda kwa njia nyingine. Mwezi wa Oktoba wapelelezi wa Rwanda waliwakamata watu 12 waliojaribu kuingia kwa hila katika mtambo wa Benki ya Equity. Wanane walikuwa Wakenya, watatu Wanyarwanda, na mmoja Mganda. Januari 2021 mahakama iliwahukumu kifungo cha miaka minane. Tazameni hesabu hiyo: nchi tatu katika kundi moja la wezi! Wao walikuwa wameunda jumuiya yao ya Afrika Mashariki bila mkataba, bila bunge na bila sekretarieti. Wezi wakiweza kuungana namna hiyo, hapana udhuru kwa walinzi wa mali ya wananchi kushindwa.

Uganda nayo haikusalimika. Oktoba 2020 wavamizi waliingia katika mtambo wa kampuni inayounganisha benki na mitandao ya simu, na kwa siku kadhaa baadhi ya huduma za kuhamisha fedha baina ya benki na simu zikasimamishwa. Novemba 2024 serikali ilithibitisha bungeni kwamba akaunti katika Benki Kuu zilikuwa zimeingiliwa. Mapema mwaka 2025 maofisa kadhaa wa Wizara ya Fedha walifikishwa mahakamani kuhusiana na jambo hilo. Hukumu ni kazi ya mahakama. Lakini kufikishwa kwao mahakamani kunakumbusha jambo moja: anapotafutwa adui wa mbali, mlango wa ndani nao usisahauliwe.

Katika miaka ya karibuni ushirikiano umeanza kuzaa matunda yanayohesabika. Kati ya tarehe 2 Septemba na 31 Oktoba 2024, katika operesheni iliyopewa jina la Serengeti, polisi wa nchi 19 za Afrika wakiunganishwa na Interpol na AFRIPOL waliwakamata watu 1,006. Hasara iliyohusishwa na kesi hizo ilikaribia dola milioni 193, na walioumizwa walizidi 35,000. Operesheni ya pili ya jina hilo, kati ya Juni na Agosti 2025, ilihusisha nchi 18 za Afrika pamoja na Uingereza. Watu 1,209 walikamatwa, na zaidi ya dola milioni 97 zikarudishwa.

Kati ya hizo mbili palikuwa na nyingine ndogo, kati ya Novemba 2024 na Februari 2025, na hiyo ndiyo inayofanana zaidi na habari ya mama wa Kashojwa. Katika operesheni hiyo Rwanda iliwakamata watu 45 waliokuwa wakijifanya watumishi wa kampuni za simu na kuwatangazia watu ushindi wa bahati nasibu, au wakijifanya ndugu aliyeumia anayehitaji fedha za hospitali. Walikuwa wamewadhulumu watu zaidi ya dola 305,000 katika mwaka 2024, na katika hizo dola 103,043 zilipatikana. Theluthi moja ya mali ilirudi. Anayejua kazi ya upelelezi anajua kwamba hiyo si haba. Lakini theluthi mbili hazikurudi, na sababu yake kubwa katika makosa ya namna hii huwa ni muda uliopotea.

Hapa historia inarudi kwenye daftari la askari wa zamu. Operesheni zote hizi, kwa majina yake makubwa, zinajengwa juu ya malalamiko ya watu wadogo. Hakuna mtu Lyon anayejua kwamba mama wa Nakivale ameibiwa, isipokuwa askari wa Nakivale ameandika. Naye akiandika tu kwamba mlalamikaji ameibiwa fedha kwa simu na watu wasiojulikana, ameandika maneno ambayo hayatavuka hata barabara ya Mbarara. Lakini akiandika namba iliyopiga, saa na dakika iliyopiga, kiasi kilichotoka, namba ya muamala kama ilivyo katika ujumbe wa simu, na namba iliyopokea. Akamwonya mlalamikaji asifute ujumbe wowote. Akapeleka habari kwa mpelelezi siku ile ile ili kampuni ya simu iombwe kuzuia fedha na kuhifadhi kumbukumbu, basi ameshika ncha ya uzi unaoweza kufika Nairobi, Kigali, Kinshasa au Lagos. Namba moja iliyoandikwa Kashojwa ikifanana na namba moja iliyoandikwa Bukoba, wezi wawili wasiojulikana wanageuka kundi moja linalojulikana.

Na lisemwe bila kuficha: askari popote alipo anayemwambia mlalamikaji alete kwanza fedha ya karatasi na mafuta ya pikipiki amemsaidia mwizi. Kwanza amempa muda, na muda ndio mali kubwa ya mwizi wa mitandao. Pili amemfundisha mlalamikaji asirudi tena. Mkimbizi hasa hukata tamaa upesi, kwa maana wengi wao walizikimbia nchi ambazo sare ilikuwa ishara ya hatari. Asiporudi, daftari litakuwa safi, na wakubwa wataona kwamba uhalifu hakuna.

Wezi wanaomwinda mkimbizi kwa ahadi ya safari wana historia yao. Mwaka 2001 wapelelezi wa Umoja wa Mataifa, wakishirikiana na polisi wa Kenya na wa nchi nyingine, walifichua mjini Nairobi mtandao uliokuwa ukiuza nafasi za wakimbizi kuhamishiwa nchi za mbali, nafasi ambazo kwa haki hutolewa bure. Wakati ule fedha zilitolewa mkono kwa mkono. Leo utapeli huo huo hufanywa kwa ujumbe wa simu, na mwenye kuutuma hahitaji hata kuwa mtumishi wa ofisi yoyote. Upo na msiba mbaya zaidi: vijana wa Kenya na Uganda wamedanganywa kwa ahadi za kazi, wakapelekwa Asia ya Kusini-Mashariki, wakafungiwa katika majumba ya Myanmar na kulazimishwa kuwatapeli watu wa nchi nyingine kwa kompyuta. Kwa hiyo mpelelezi aangalie vyema. Sauti inayotapeli upande wa pili wa simu pengine ni ya mateka.

Jeshi nalo lisidhani kwamba haya ni ya polisi peke yao. Tangu Machi 2007 askari wa Uganda wamekuwa Somalia katika kazi ya kulinda amani, na fedha zao huwafikia jamaa zao kwa benki na kwa simu. Matapeli hujifanya makamanda wakauza nafasi za kuandikishwa jeshini, nafasi ambazo haziuzwi. Mwanajeshi anayetaja namba yake ya siri, au anayetangaza kwa picha mahali kikosi chake kilipo, amemfungulia adui mlango ambao bunduki haiwezi kuulinda.

Linabaki jambo zito kuliko yote, na hapo ndipo fundisho la mwaka 1938 linapohitajika. Nakivale si kijiji cha kawaida. Wengi walioko huko wameikimbia serikali fulani, vita fulani, au kundi fulani. Nchi nyingi walizotoka ni wanachama wa Interpol, tena wanachama wa EAPCCO. Rwanda na Burundi ziliingia katika Jumuiya mwaka 2007, Sudan ya Kusini 2016, Kongo 2022 na Somalia 2024. Daraja lile lile linalopitisha habari za mwizi linaweza kutumiwa kupitisha ombi la kumsaka mtu ambaye kosa lake ni kusema au kukimbia. Orodha ya majina, alama za vidole na namba za simu ni silaha, na kila silaha hutegemea aliyeishika. Mwaka 2018 Uganda ilihakiki wakimbizi wote kwa alama za mwili, baada ya tuhuma za majina hewa, na hesabu ikashuka kutoka watu milioni 1.4 waliokuwa vitabuni hadi milioni 1.1 hivi. Lilikuwa jambo jema dhidi ya wizi wa chakula cha wanyonge. Lakini kumbukumbu hizo zikivuja, hasara yake haitahesabiwa kwa shilingi.

Sheria imekwisha kuonyesha njia. Mkataba wa wakimbizi wa 1951 na ule wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa 1969 zinakataza kumrudisha mkimbizi mahali ambapo maisha au uhuru wake utakuwa hatarini. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya 2006 inafuata msingi huo. Tangu katikati ya miaka ya 2010 Interpol yenyewe imekuwa na kanuni kwamba Taarifa Nyekundu isiendelee dhidi ya mkimbizi anayetambuliwa, ikiwa imeombwa na nchi aliyoikimbia. Sheria ya Kulinda Taarifa Binafsi ya Uganda, ya mwaka 2019, inamfunga pia mtumishi wa serikali. Haya hayamaanishi kwamba ukimbizi ni kichaka cha wezi. Mkimbizi akiiba hushtakiwa kwa sheria ya nchi inayomhifadhi kama mtu mwingine yeyote. Maana yake ni kwamba ombi la nchi ya nje lipite katika ofisi ya taifa ya Interpol na kwa mwanasheria wa serikali, lisipite kwa simu ya rafiki kwenda kwa rafiki. Askari anayempa mgeni jina na mahali alipo mkimbizi, kwa hisani au kwa soda, hajashirikiana na polisi wa nchi nyingine. Ameuza roho ya mtu.

Dunia imeingia katika ukurasa mpya. Tarehe 24 Desemba 2024 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha mkataba wa dunia nzima dhidi ya makosa ya mitandao, na Oktoba 2025 nchi nyingi zilianza kuutia saini mjini Hanoi. Unahitaji kuridhiwa na nchi 40 ndipo uanze kutumika. Watetezi wa haki za binadamu wametoa hofu kwamba serikali kali zitautumia kuwasaka wapinzani wao. Hofu hiyo si ya kupuuzwa, kama historia ya Vienna na Berlin inavyoshuhudia. Wala wizi wa mama wa Kashojwa si wa kupuuzwa. Kazi ya polisi mwema ni kuyabeba yote mawili kwa pamoja.

Na kanda hii ina nyenzo moja yenye thamani kubwa. Kiswahili kilikuwa lugha ya kambi na vituo vya Uganda kwa vizazi vingi, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha kitumike kama lugha rasmi. Maelezo ya shahidi yanayoandikwa kwa Kiswahili sanifu Nakivale yatasomeka Bukoba, Goma, Bujumbura na Mombasa bila mkalimani. Tapeli anatumia Kiswahili hicho hicho kuwahadaa watu wa nchi tano. Basi na mpelelezi akitumie kumfuata.

Siku za mwizi ni arobaini bado. Lakini hazijihesabu zenyewe. Wahenga waliishi katika kijiji ambamo kila jirani alikuwa jicho, na aliyeona aliyemwona mwizi alisema. Leo kijiji hicho kimekuwa kikubwa kuliko Afrika ya Mashariki, na jirani wa Kashojwa yuko Kigali na Lyon. Kidole kimoja hakivunji chawa. Siku ya kwanza kati ya zile arobaini huanza mlalamikaji anaposimama mbele ya meza ya zamu, na askari akachukua kalamu.